Bata Wawili wa Jiwe

Baba alikuwa na bata wawili wa jiwe jeusi,
shingo zimepindwa, midomo imelala mgongoni,
kila mmoja kama ngumi ya mtoto.
Mgeni angeapa ni pacha.
Mimi niliyewafuta vumbi kila asubuhi
niliwajua kwa kiganja:
mmoja alimzidi mwenzake shekeli mbili, tatu hivi.

Mzito alinunua. Mwepesi aliuza.
Ndiyo iliyokuwa biashara yetu ya sufu hapa Sippar,
ndiyo iliyoezeka nyumba, ikanivika bangili.

"Ni vibaya?" nilimuuliza, bado nina meno ya utoto.
Baba akacheka, akanionyesha hekalu ng'ambo ya soko.
"Shamashi ndiye hakimu. Jua huona kila kitu.
Kwa hiyo mchana mimi ni mtu mwema.
Likizama, kashuka chini ya ardhi
kuamua kesi za wafu, ana kazi zake huko.
Sisi tuna taa."
Duka letu lilichangamka usiku.

Siku zile wema ulikuwa na saa zake,
kama maji ya mfereji wa zamu.
Watu waliogopa jicho, tendo hawakuliogopa.
Waliapa kwa mfalme, waliapa kwa silaha ya mungu,
mkono mmoja umeshika pindo la nguo,
wa pili unachota.

Narubtum alikuja usiku usio na mwezi,
mfumaji, mjane wa mchimba mifereji,
vidole vimepasuka kwa magadi.
Alitaka mina mbili za sufu nyeupe.
Taa ilikuwa inakoroma, mafuta yamekwisha,
baba ana mafua na haraka;
akapapasa kapuni, akamtoa bata asiye wa zamu.
Niliona. Nilinyamaza.
Hata leo sijui nilimnyamazia nani.

Alfajiri, nyota ya mwisho haijazima,
mjane yuko mlangoni na kifurushi.
Konzi ya sufu. Haitoshi kofia ya kichanga.
"Umenizidishia. Nimepima kwa jiwe la jirani."
Baba akatazama juu: mbingu bado nyeusi.
"Nani angejua?"
Aliuliza kama mtu aliyeibiwa.

Narubtum hakuwa mtu wa maneno.
Akajikuna mkono, palipoungua kwa rangi.
"Nilikuwepo," akasema.
Akaenda zake, ana kitambaa cha kumaliza.

Ningependa kuwaambia baba alibadilika.
Aliirudisha konzi guniani, akaiuza mara ya pili.
Alikufa mzee, ameshiba,
tukamzika na shanga zake, tukammiminia pombe.
Radi haikupiga.

Bata wakawa wangu.
Mzito nilimfukia chini ya kizingiti.
Mwaka mto ulipohama na mashamba kuota chumvi
nilimfukua. Siku tisa.
Naziandika hapa kwa kuwa hakuna aliyenihesabia.
Siku ya kumi akaingia msichana na sufu ya kuuza,
vidole vimepasuka kwa magadi.
Sikumuuliza ni binti wa nani.
Nilimwambia asubiri,
nikaenda uani, nikatapika,
nikarudi na jiwe jingine.

Sasa wanachonga sheria kwenye nguzo ndefu.
Mpiga mbiu anazisoma, vijana wanashangilia:
haki imeshuka leo kutoka mbinguni!
Labda. Mimi sikuwepo mbinguni.
Niliiona ikija kwa miguu, viatu vimelowa umande,
imefunga konzi ya sufu kitambaani,
na jua lenyewe bado limelala.

Juu ya meza yangu kuna bata mmoja.
Taa ikizimika, namjua kwa kiganja.